Mbayuwayu Bila Joho

Jumatatu, 3 Machi

Wamemvua joho!

Sina hamu ya kula. (Nimekula kidogo. Mkate, mayai, na mkate tena.) Asubuhi Kinyozi, jirani yangu wa duka kwa duka, aliingia bila hodi, akanisogezea simu usoni huku meno yake yote yako nje. Tangazo la filamu mpya ya Mbayuwayu! Itaanza kuonyeshwa Jumamosi hii kwenye sinema ya mtaani kwetu. Nikatazama. Shujaa ni yule yule, anapaa vile vile, anauokoa mji vile vile. Lakini hana joho. Hana masharubu. Amevalishwa vazi moja jeusi la kubana, kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, mgongo mtupu, utadhani ametoka kuoga akasahau taulo. Na analia! Tangazo la dakika mbili, vilio vitatu. Nimehesabu.

Kinyozi akasema huyu ndiye Mbayuwayu wa kizazi hiki, ana hisia, na joho lilikuwa limepitwa na wakati kama mimi. Nikamwambia atoke dukani kwangu. Akasema hakuja kukaa. Akakaa nusu saa.

Naandika hapa ili ukweli ubaki hata nikiondoka duniani. Mbayuwayu ni mmoja tu, yule wa kwanza kabisa, niliyemwona nikiwa na miaka minane katika sinema hiyo hiyo, nimeshikwa mkono na marehemu baba. Joho jekundu hadi visiginoni. Masharubu. Akipigwa, anacheka. Baba alitoka mara moja tu katikati ya filamu kwenda kununua karanga, akarudi mikono mitupu, akasema zimekwisha. Sikujali. Ile ndiyo siku niliyoamua kuwa fundi cherehani, kwa sababu mtu lazima awepo wa kushona majoho kama yale. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi sijaletewa joho hata moja. Naletewa suruali za kupunguza. Siku yangu inakuja.

Alipotokea Mbayuwayu wa Pili, wakalifupisha joho hadi kiunoni, niliwaandikia watengenezaji barua tatu. Hawakujibu. Waliona haya.

Kesho naitisha mkutano wa dharura wa Chama cha Watetezi wa Joho. Mimi ndiye mwenyekiti. Katibu alikuwa Kinyozi. Nimemfukuza leo. Alikuwa hajui kwamba bado ni mwanachama, kwa hiyo pigo lilikuwa zito.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano umefana. Mahudhurio: mimi na Fundi Saa. Fundi Saa ndiye mjumbe wetu, mtu mpole anayekubaliana na kila aliyesema mwisho. Tumepitisha maazimio mawili. La kwanza, hakuna mwanachama atakayekanyaga ndani ya sinema Jumamosi. La pili, tukusanye sahihi mia tano za kudai joho lirudi.

Hadi jioni nilikuwa na sahihi kumi na moja. Fundi Saa amesaini mara mbili, moja kwa kila mkono. Mteja wa sketi ya bluu alikataa katakata, hadi nilipomweleza kwamba sketi yake nayo bado inatafakari kama itakuwa tayari. Akasaini. Mwenye macho haambiwi tazama!

Mama amekataa kusaini. Mama yangu mzazi! Aliyenifundisha kushika sindano! Tunaishi pamoja na tunafanya kazi pamoja, mimi kwenye cherehani ya mlangoni na yeye kwenye ile ya ndani, na sijawahi kumnyima chochote. Amesema bila hata kuinua kichwa kwamba yeye anampenda huyu mpya. Amelitazama lile tangazo mara tisa kwenye simu ya jirani. Anasema yule kijana kabla ya kwenda vitani anampigia mama yake simu, na kwamba wale wengine walikuwa wanaruka huku na huko na vitambaa vyao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mama ameamkaje. Kisha akaniangalia kwa muda mrefu. Nikajifanya natafuta chaki.

Halafu habari mbaya zaidi. Kwenye ukumbi wa kuingilia sinema kuna ubao mkubwa uliochorwa kwa mkono, mrefu kunizidi, una picha ya Mbayuwayu wangu na joho linapepea. Umekuwa pale tangu utoto wangu. Kila nikipita namsalimu kwa kichwa. (Mvua ikinyesha na hakuna watu, kwa sauti.) Leo Meneja wa sinema, dada mmoja mwenye msimamo, ameniambia ubao huo unashushwa Jumamosi kupisha picha ya huyu mpya. Nikamwomba anipe. Akasema kuna mtu ameshamwomba.

Kinyozi! Anataka kuuweka mbele ya duka lake. Na si hivyo ulivyo! Atapaka rangi nyeupe uso mzima, achore mitindo kumi na miwili ya nywele. Joho lile litafunikwa na kichogo cha mtu!

Sijawahi kupandwa na hasira kiasi hiki. Nimeshona zipu kinyume.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kwa Meneja nikiwa nimepiga pasi shati. Nimemsifia ukumbi, nimemsifia viti, nimemsifia hata kile kipaza sauti kinachokoroma. Akaniambia, kaka fundi, acha kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sema unachotaka. Nikasema. Kinyozi naye alikuwepo, amekuja na hoja zake na marashi.

Meneja akakata shauri. Jumamosi, kabla filamu haijaanza, kila mmoja wetu alete kitu jukwaani cha kumsherehekea Mbayuwayu. Atakayepigiwa makofi mengi zaidi ndiye atachukua ubao, na makubaliano ni makubaliano. Ila kuna sharti. Awe Mbayuwayu wa filamu hii mpya. Hataki malumbano ya majoho siku ya uzinduzi wake.

Kinyozi akasema ataleta wanaume sita walionyolewa alama ya mbayuwayu kwenye visogo. Mimi nikasikia mdomo wangu ukisema nitashona vazi kamili la shujaa, na Bawabu wa sinema atalivaa.

Nimetembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi mwepesi. Ndipo nikakumbuka azimio la kwanza.

Nikaenda kumweleza Fundi Saa. Nilimwambia kwamba kuingia kwangu sinema si kuingia, ni kujipenyeza. Akauliza kama naye ajipenyeze. Nikamwambia hapana, lazima abaki mtu nje kulinda msimamo, asimame getini na bango kuwaambia watu wasiingie. Akakubali. Kwa kweli chama kina bahati kuwa na mimi.

Mama amefurahi mno kusikia nashona vazi la kijana wake. Amesema sasa ndipo naanza kuwa na akili. Ameomba nimtengee kiti cha mbele.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo limenijia nikiwa naosha vikombe. Wazo kubwa sana, hata kikombe kimoja nimekivunja.

Nitashona vazi jeusi lisilo na joho, kama alivyotaka Meneja. Lakini ndani ya mgongo, kati ya kitambaa na bitana, nitalikunja joho jekundu refu, lifichwe kabisa! Nitalishikiza kwa bandi. Kwa asiyejua kazi yetu, bandi ni ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi hupiga kwa mkono kabla ya kupitisha cherehani. Ukivuta uzi mmoja, yote inafumuka. Bawabu atapigiwa makofi, ubao utakuwa wangu, na makofi yakishaisha nitasogea kumpongeza, nitavuta uzi, na joho litashuka mbele ya ukumbi mzima! Ubao kwanza, joho baadaye. Watalia. Watasimama. Watengenezaji watasikia, hatimaye watajibu barua zangu.

Nimetumia uzi mwekundu kwa bandi ili nisikosee.

Mchana nilikwenda kumpima Bawabu. Mtu wa miraba minne, mpole, ila nilipomzungushia futi kiunoni alivuta tumbo ndani hadi macho yakamtoka. Wateja wote huvuta tumbo. Fundi mwenye akili huandika kipimo, halafu kimyakimya anaongeza inchi nne kwa ajili ya ukweli. Nilizijua inchi zile nne. Niliziheshimu. Lakini niliporudi dukani nikagundua kitambaa hakitoshi, kwa sababu ndani ya vazi lazima iachwe nafasi ya joho. Nikafikiri. Kati ya tumbo la Bawabu na joho la Mbayuwayu, kipi kitakumbukwa na historia?

Nimezikata.

Ijumaa, 7 Machi

Siku njema. Nimeshona tangu asubuhi, mguu kwenye pedeli, roho kwatu. Joho ni zuri ajabu. Satini nyekundu niliyokuwa nimeihifadhi miaka tisa, pindo la mkono, kola iliyosimama. Nilikusudia kutumia saa moja kwenye pindo, nikatumia saa sita. Mara nne nililitoa ndani ya vazi ili nilitazame, na mara nne nikalirudisha na kulipiga bandi upya. Mara ya mwisho nilishuka na uzi huo huo mwekundu moja kwa moja hadi kwenye mshono wa nyuma wa suruali, niushikize kwa muda, halafu nipitishe cherehani. Kisha nikalikumbuka joho, nikalitazama tena kwa jicho la moyo. Kisha ikawa wakati wa chakula.

Kinyozi amepita kuchungulia. Amesema vazi limekaa sawa, si kazi mbaya. Hajui kitu! Nusura nicheke. Nikameza cheko na pini moja, nadhani. Pini imepatikana baadaye kwenye kola.

Mama ametaka kulikagua vazi, nikamkatalia. Mama hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Ni ugonjwa. Mwaka jana alimfuata bwana harusi mbele ya wageni wote akamng'oa uzi kwenye koti, na kifungo kikaenda nao. Nimelifungia vazi kabatini na ufunguo nimeuvaa shingoni.

Nimefikiria kila kitu. Hakuna kilichosahaulika.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa hiari yangu.

Nilifika sinema saa tisa na vazi begani. Getini nilimkuta Fundi Saa na bango lake limeandikwa USIINGIE. Watu walikuwa wengi na wanasukumana. Fundi Saa hapendi vurugu, kwa hiyo alikuwa anawaomba radhi, anawaambia wasiingie, halafu anawapanga foleni ili wasiingie kwa utaratibu. Meneja alimletea soda kumshukuru.

Nyuma ya jukwaa, Bawabu akaanza kuvaa. Mguu wa kwanza, sawa. Mguu wa pili, sawa. Halafu akapumua. Jamani! Zipu ilisimama kitovuni ikakataa kusogea. Nikamwomba avute tumbo kama juzi. Akavuta, akageuka rangi, akasema kwa sauti nyembamba kwamba anaweza kukaa hivyo hadi kuhesabu kumi. Inchi zangu nne! Zilikuwa hapo hapo mgongoni kwake, zimekunjwa, nyekundu, hazimsaidii mtu.

Meneja akaja. Akamtazama Bawabu, akanitazama mimi kuanzia juu hadi chini. Akasema vazi hili linamtosha mtu mwembamba mmoja tu katika jengo hili. Ama nilivae, ama Kinyozi achukue ubao bila mashindano. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikalivaa. Mimi, Mwenyekiti wa Watetezi wa Joho, nikasimama nikiwa mweusi tititi, nimebanwa kila pembe, mgongo mtupu kama wa yule mliaji. Nilijiambia ni sawa. Mpango haujafa. Nitapokea makofi, halafu nitauvuta uzi mwenyewe.

Kinyozi alitangulia. Wanaume sita walipanda wakaugeuzia ukumbi visogo. Mbayuwayu watano walikuwa safi, lazima nikiri. Wa sita alinyolewa mwisho, kwa haraka, na alifanana na samaki. Watu walipiga makofi mazuri hata hivyo. Kinyozi aliinama mara tatu. Anapenda sana kuinama.

Ikawa zamu yangu. Nikatoka. Mtu mmoja akakohoa. Nikanyoosha mikono kama ninapaa. Mtu mwingine akakohoa. Meneja akaninong'oneza nigeuke walione vazi kwa nyuma, nikageuka. Ndipo niliposikia kiti cha mbele kikilia, na nyayo ninazozijua tangu nilipokuwa tumboni.

Mama alikuwa anapanda jukwaani. Alikuwa anasema kwa sauti ya kumfikia hata aliyeketi mwisho kwamba aliapa hatanilea vibaya, na hawezi kukaa kimya mwanawe asimame mbele za watu na uzi unaning'inia. Nikamwambia kwa pembe ya mdomo auache. Akasema uzi wenyewe mwekundu kwenye nguo nyeusi, tena anajiita fundi. Nikamsihi. Nikamwita mama, mama yangu, mama mzazi.

Akauvuta.

Joho lilishuka! Lilianguka taratibu, lote, jekundu, hadi visiginoni, jinsi nilivyoliota kwa miaka thelathini na sita. Ukumbi ukasema aaah. Na uzi ukaendelea kuja. Mama ni mtu wa kumaliza kazi. Ukaja kutoka mgongoni, ukaja kutoka kiunoni, na nikakumbuka, pale pale, kwa uwazi mkubwa, kwamba sikupitisha cherehani kwenye mshono wa suruali.

Nilisikia upepo mahali ambapo mtu mzima hapaswi kusikia upepo mbele ya watu mia tatu.

Lakini joho lilinisitiri! Lilikuwa limeshashuka. Isipokuwa watu wa mstari wa mbele, ambao walikuwa wanatazama kutoka chini, hakuna aliyeona kitu. Nimewauliza watengenezaji mara ngapi, ndani ya barua tatu, joho lina kazi gani? Sasa jibu limepatikana! Ukumbi ulilipuka. Walipiga makofi, walipiga miluzi, walipiga viti. Meneja alicheka hadi akakaa chini kwenye ngazi, na alipopata pumzi akasema nimevunja sharti lake, ila makubaliano yalikuwa makofi, na makofi haya hata viziwi wameyasikia. Ubao ni wangu!

Kutoka nje sikuweza. Ingebidi nitembee. Kwa hiyo nikaketi mstari wa mbele kati ya Mama na Kinyozi, nimejifunika joho kwa mbele, nyuma ngozi tupu juu ya kiti cha mbao chenye vibanzi, nikalazimika kuitazama filamu niliyoisusia.

Ni mbaya. Haina joho. Mapigano ni machache. Lakini kuna mahali kijana yule yuko juu ya paa, mji unaungua, anampigia mama yake simu, na mama anamuuliza swali moja tu, kama amekula. Anasema amekula. Hajala. Mama yangu akanishika mkono gizani na hakuuachia hadi taa zilipowaka. Tulikuwa mstari ule ule nilioketi na baba. Kuna vumbi jingi katika ukumbi ule, Meneja aliangalie. Nimelipangusa kwa pindo la joho. Kinyozi naye alipatwa na vumbi. Nikampa pindo la upande wa pili.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda tena kuitazama. Kwa ajili ya uchunguzi. Mtu hawezi kupinga kitu alichokiona mara moja tu. Fundi Saa alikuja nami kujipenyeza. Nimekaa kwenye mto.

Baadaye tulikwenda kuuchukua ubao. Tulikuwa watatu, maana Kinyozi alijitolea kushika ncha ya chini. Alisema hana kinyongo, na kwamba jana aliona jambo ambalo hatalisahau maisha yake yote. Sikumuuliza ni jambo gani. Tulipoufikisha dukani tukauegemeza ukutani, na kwa kuwa Fundi Saa hajui mbele na nyuma, tuliuweka umegeuka.

Nyuma kuna picha nyingine.

Rangi imefifia, lakini maneno yanasomeka. MBAYUWAYU. Chini yake, mwaka. Miaka kumi na mmoja kabla sijazaliwa! Mtu amepanda baiskeli, anapaa juu ya mapaa. Kichwani ana kofia nyeusi ya duara. Hana masharubu. Joho hana.

Joho hana!

Kinyozi alicheka hadi akashikilia ukuta. Fundi Saa akauliza kama basi wangu alikuwa wa pili, na wa Pili alikuwa wa tatu, na huyu mpya ni wa nne, au tuanze kuhesabu upya. Nikamwambia anyamaze, nafikiri.

Mama akatoka chumba cha ndani, akaiona ile picha, akatabasamu kama aliyemwona jamaa wa siku nyingi. Akasema huyu ndiye Mbayuwayu wa baba. Enzi za uchumba wao alikwenda kumtazama mara saba. Akaniuliza kama nakumbuka siku ile ya karanga. Nikasema nakumbuka kila kitu. Akasema hapakuwa na karanga. Baba alishindwa kuvumilia, akatoka nje akamwambia mlinzi wa getini kwamba ameona upuuzi, ndege havai pazia, na Mbayuwayu asiye na kofia ni mwizi wa majina. Alikuwa ameshashika njia ya nyumbani. Kisha akakumbuka nilivyokuwa nimesimama juu ya kiti kwa ncha za vidole, mdomo wazi. Akarudi. Akakaa hadi mwisho, akanishika mkono, na njia nzima kurudi nyumbani akakubali kwamba joho lile ni zuri kuliko vitu vyote duniani.

Nimekaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Miaka thelathini na sita nimedhani tulikuwa tunafurahia kitu kimoja, kumbe mimi nilikuwa nafurahia filamu na yeye alikuwa ananifurahia mimi. Nimempenda baba upya leo. Ningempa hata pindo la joho.

Mama akasema wakati mwingine mtu anajifunza. Nikasema kweli kabisa, Mama.

Halafu nikautundika ubao. Joho linatazama mtaani, linapepea, kila mpita njia analiona. Kofia inatazama ukuta. Misumari sita.

Jumanne, 11 Machi

Wanataka kumvalisha kofia!

Kinyozi ameniletea habari hizo asubuhi, bila hodi, bila meno safari hii. Uso umemsawijika. Watengenezaji wametangaza filamu ijayo. Mbayuwayu mpya kabisa, hatalia, hatapiga simu, na atavaa kofia nyeusi ya duara. Wanasema wanamrudisha kwenye asili yake. Asili gani? Ndege na kofia! Kijana wetu, aliyelia juu ya paa, aliyemdanganya mama yake kwamba amekula, aondolewe baada ya filamu moja tu? Mbayuwayu wa kweli ni yule anayelia. Nimelisema siku zote.

Mkutano wa dharura umefanyika saa nne dukani. Mahudhurio yamepanda kwa asilimia hamsini. Kinyozi amerejeshewa ukatibu. Jina jipya: Chama cha Watetezi wa Kichwa Wazi. Tumeazimia kutokanyaga ndani ya sinema. Fundi Saa ameuliza kama alete bango lile lile, nikasema bango zuri halichakai.

Sahihi tayari ni saba. Mteja wa sketi ya bluu amekuja kuongezewa kiuno.

Na nina wazo. Nitajitolea kushona kofia yenyewe. Nyeusi, ya duara, kama wanavyotaka. Lakini ndani ya bitana, ambapo hakuna atakayeona, nitapiga bandi kidogo. Uzi mmoja tu. Safari hii wa kijani.

Mama alikuwa anasikiliza akiwa kwenye cherehani ya ndani. Ameuliza, kwa upole, tuna ushahidi gani kwamba Mbayuwayu hakuwahi kuvaa kofia. Kinyozi akautazama ubao. Fundi Saa akautazama ubao. Mimi nikasema kwamba ushahidi wa kinyume kama upo, uletwe mezani.

Walipoondoka nimeongeza misumari miwili.